Stelingi Inalia: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Gereji

Gari la Dar es Salaam lina maisha magumu. Linapita mashimo ya barabara za mitaani, matuta yasiyoisha, mchanga, maji ya masika na hewa ya chumvi ya pwani, na sehemu kubwa ya mateso hayo inaishia kwenye stelingi na miguu ya mbele, yaani viungo vinavyoshika matairi ya mbele. Hapa chini ni maswali ambayo wenye magari hutuuliza mara nyingi, na majibu tunayowapa.

Gari linalia nikikata kona. Nianzie wapi kabla sijanunua chochote?

Anza kwa kusikiliza. Watu wengi huja wameshaambiwa na jirani kwamba raki (chuma chenye meno kinachogeuza matairi ya mbele ukizungusha usukani) imekufa, na wengine wanakuja na spea mkononi. Mlio una wakati wake, na wakati huo ndio unaomwonyesha fundi mahali pa kushika.

Jiulize: unatokea gari limesimama au linatembea? Ukikanyaga mafuta ukiwa umeegesha, mlio unapanda? Unasikika kona ya kulia, ya kushoto, au zote mbili? Unakuja asubuhi gari likiwa la baridi, au baada ya kukaa kwenye foleni ya Mwenge injini ikiwa imepata moto? Kuna mvua?

Mlio unaopanda na kushuka na injini hata gari likiwa limeegeshwa unatoka kwenye pampu ya stelingi, mkanda, au beringi zinazozungushwa na mkanda. Mlio unaofuata mwendo wa gari, na ukitoa gia hauondoki, unatoka kwenye tairi au hab beringi, yaani beringi ya kitovu cha gurudumu. Ule wa kugonga unapopita shimo au tuta unatoka miguuni.

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Zima injini, acha ufunguo umewashwa ili usukani usijifunge, kisha tikisa usukani kidogo kulia na kushoto. Ukisikia kugonga wakati injini imezimwa, pampu haihusiki. Kuna kiungo kimelegea mahali fulani.

Nitajuaje kama stelingi yangu ni ya oili au ya umeme?

Fungua boneti utafute kikopo kidogo cha oili ya stelingi, mara nyingi chenye alama ya usukani kwenye kifuniko na hozi zinazoelekea kwenye pampu. Ukikikuta, stelingi ni ya oili. Prado, Hilux, Mark II na Harrier za mwanzo ni za kundi hili. Vitz, IST, Passo na Honda Fit nyingi ni za umeme: hazina pampu ya stelingi wala oili yake, zina mota inayosaidia kuzungusha. Mazda Axela ya kizazi cha kwanza iko katikati, ina oili lakini pampu yake inaendeshwa na umeme.

Jambo hili ni dogo lakini linaokoa fedha. Ukiambiwa IST yako yenye stelingi ya umeme inahitaji kubadilishwa oili ya stelingi, chukua ufunguo wako uondoke.

Nikiwa naegesha, stelingi inavuma "vuuuu" na inakuwa nzito. Tatizo ni nini?

Kama ni stelingi ya oili, mara nyingi oili imepungua au kuna hewa ndani yake. Pampu inavuta hewa badala ya oili, ndipo inapolia. Unaisikia zaidi ukiwa unaegesha kwa sababu matairi yanageuzwa yakiwa hayazunguki, na hapo pampu inabeba mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Angalia kikopo. Vingi vina mistari miwili ya kipimo, mmoja wa oili ya baridi na mwingine wa oili ya moto, na watu wengi wanasoma ule usiohusika. Kisha angalia hali ya oili yenyewe. Oili nzuri ya aina ya ATF (oili ya gia ya otomatiki, inayotumika pia kwenye stelingi nyingi) ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa imekuwa kahawia au nyeusi na inanuka kuungua, imechoka, na pampu na raki zinaendelea kusagika nayo. Ikiwa na povu jepesi juu, kuna hewa inaingia, mara nyingi kwenye hozi ya kurudishia oili ambayo mpira wake umekauka pale inapobanwa na klipu.

Sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka ni chujio. Vikopo vingi vya magari ya Kijapani vina wavu mwembamba chini ambao hauonekani mpaka utoe oili yote. Wavu ukiziba kwa uchafu, pampu inakosa oili na kuvuma ingawa kikopo kimejaa. Tumewahi kupokea gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshanunua pampu nyingine, na pampu hiyo nayo ikavuma vilevile. Kikopo kilipofunguliwa, wavu ulikuwa umefunikwa na tope jeusi zito kama lami. Kikopo kilisafishwa, oili mpya ikawekwa, na kelele ikaisha siku hiyohiyo.

Ukishahakikisha oili, hozi, chujio na mkanda viko sawa na bado inavuma, hapo ndipo pampu yenyewe inashukiwa.

Niweke oili gani?

Ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo au kwenye kitabu cha gari. Toyota nyingi za stelingi ya oili zinatumia ATF aina ya Dexron II au III. Honda inataka oili yake maalumu ya stelingi, na ukiweka ATF ya kawaida unahatarisha sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje. Magari mengi ya Ulaya yanatumia oili ya kijani ya aina ya CHF, lakini BMW nyingi za zamani zimeandikwa ATF, kwa hiyo usikisie kwa rangi wala kwa jina la gari. Oili ya breki isiingie humo hata tone moja. Inavimbisha sili, na baada ya hapo utanunua pampu na raki kwa pamoja.

Nimebadili oili na sasa inavuma zaidi ya mwanzo.

Hewa haijatolewa. Inua matairi ya mbele kwa jeki, weka stendi, kisha injini ikiwa imezimwa zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho, mara kumi na tano au ishirini, huku mtu mwingine akiangalia kikopo na kuongeza oili kila inaposhuka. Mapovu yakipungua, washa injini na urudie mara chache bila kushikilia usukani kwenye mwisho. Acha gari lipumzike, kisha angalia tena kipimo. Ukiwasha injini kabla ya hatua ya kwanza, pampu inapiga hewa na oili pamoja kuwa povu, na povu hilo linaweza kuchukua saa nyingi kutoka.

Naongeza oili kila baada ya wiki mbili. Inakwenda wapi?

Inavuja. Mfumo huu umefungwa, oili yake haiungui wala haikauki. Weka kadibodi safi chini ya gari usiku uone inapodondokea. Kisha shika zile buti za mpira zilizokunjwakunjwa, moja kila mwisho wa raki. Zikiwa nzito au zimejaa oili, sili za raki zimechoka. Angalia na hozi ya presha inayotoka kwenye pampu, hasa kwenye maungio ya chuma na mpira. Presha yake inaweza kupita baa 70, kwa hiyo usiifunge kwa mpira wa kawaida na klipu ukidhani itadumu. Ikipasuka barabarani, oili inarukia kwenye mabomba ya moto ya ekzosi.

Mvua ikinyesha, au asubuhi nikiwasha, inapiga "wiiii" nikikata usukani.

Mkanda. Umelegea, umechakaa, au uso wake umekuwa laini na kung'aa. Ukiloa maji unateleza. Ubane kama una sehemu ya kubania, au ubadilishe ukiuona umepasuka nyufanyufa. Ile dawa ya kupuliza inanyamazisha kelele siku chache tu. Mkanda mpya ukilia nao, mwambie fundi aangalie beringi ya kubania mkanda na alteneta.

Inagonga "ngo ngo" kwenye matuta na mashimo. Fundi mmoja anasema shokapu, mwingine anasema raki. Nani yuko sahihi?

Huenda hakuna. Hapa ndipo fedha nyingi za watu wa Dar zinapotelea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kwenye mguu wa mbele kuna viungo vingi, na kila kimoja kikilegea kinagonga: stabilaiza linki (fimbo fupi inayounganisha mguu na stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), bushi (vipande laini vinavyokaa kati ya vyuma) za stabilaiza, tairodi endi (kiungo cha nje kinachosukuma tairi ligeuke), raki endi (kiungo cha ndani kinachoungana na raki), boljointi ya chini (kiungo cha mviringo kinachoshika mguu huku kikiuruhusu ugeuke), bushi za wishiboni (mkono wa chini wa mguu), mauntingi ya shokapu (kishikio chake cha juu), na bushi ya raki yenyewe. Chuma husafirisha sauti, kwa hiyo kinachogonga kushoto unaweza kukisikia katikati ya dashibodi. Ndiyo maana kukisia kwa sikio peke yake hakutoshi. Lazima mkono uguse.

Stabilaiza linki ni mshukiwa wa kwanza kwa gari linalogonga kwenye mashimo madogomadogo kwa mwendo wa polepole, hasa upande mmoja wa gari unapopanda kabla ya mwingine, kama unapopita tuta kwa mshazari. Ni spea ndogo na ya bei nafuu kuliko nyingine nyingi hapa, na ndiyo iangaliwe kabla ya shokapu. Fungua linki zote mbili kwa muda, piga mzunguko mfupi taratibu mtaani kwenye mashimo yaleyale. Kugonga kukiisha, umeshapata jibu. Usiende nazo mbali wala kwa kasi zikiwa zimefunguliwa, gari litalala sana kwenye kona.

Tairodi endi na raki endi zinajitambulisha kwa usukani. Utahisi usukani una nafasi tupu katikati, unausogeza kidogo na gari halijibu, na kwenye barabara mbovu unausikia ukipiga mkononi.

Boljointi ndiyo ya kuogopwa. Tazama kimpira chake cha kuzuia vumbi. Kikipasuka, grisi inachanganyika na mchanga wa Goba au Chanika, na tangu siku hiyo kila kona unayokata inasaga chuma kwa msasa. Kwanza italia kikavu, "kwiii kwiii", ukigeuza usukani gari limesimama. Baadaye itagonga. Mwisho inachomoka, na mguu unalala chini ya gari ukiwa barabarani.

Mauntingi ya shokapu inasikika juu, karibu na mnara wa shokapu chini ya boneti. Ina beringi ndani yake, na beringi hiyo ikikwama springi inashindwa kuzunguka na shokapu, inajikunja na kisha inaruka kwa kishindo cha "boinng" unapogeuza usukani gari limesimama. Weka kiganja juu ya springi wakati mwenzako anageuza, utaihisi ikiruka.

Shokapu yenyewe hugonga ikiwa imekufa kabisa au nati yake ya juu imelegea. Shokapu iliyovuja oili ibadilishwe, lakini msikubali kubadilisha shokapu nne ili kutafuta kelele ya linki moja.

Naweza kupima haya mwenyewe nyumbani?

Unaweza, ukiwa na mtu wa kukusaidia, sehemu ya sakafu ngumu iliyo sawa, jeki na stendi.

Kipimo cha kwanza gari liwe chini, matairi yakiwa yamekanyaga. Mwenzako atikise usukani kidogo kulia na kushoto bila kuacha, injini ikiwa imezimwa. Wewe inama, zungushia vidole kwenye tairodi endi hivi kwamba nusu ya kidole iko kwenye mkono wa tairodi na nusu nyingine kwenye chuma cha mguu. Kiungo kizima kinasogea kama kipande kimoja. Kilichochoka utakihisi kinapiga chini ya vidole, "tik tik", hata kabla sikio halijasikia. Hamia raki endi kwa kubonyeza buti ya mpira, kisha boljointi, kisha linki. Kazi yote ni dakika chache na inashinda kukisia kwa wiki nzima.

Kipimo cha pili inua tairi moja, weka stendi. Shika tairi kwa pembeni, mkono mmoja kulia na mmoja kushoto, usukume na kuvuta. Likicheza, ni tairodi endi au raki endi. Kisha shika juu na chini. Likicheza hivyo, ni boljointi au hab beringi. Mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Ule mchezo ukipotea, ni hab beringi. Ukibaki, ni boljointi.

Usiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Inapiga "tak tak tak" nikikata kona huku nakanyaga mafuta.

CV jointi ya nje, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi hata likiwa limegeuzwa, mara nyingi upande ulio nje ya kona: kona ya kulia, angalia ya kushoto. Angalia kama buti yake imepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Ukiwahi buti kabla ya kelele kuanza, unabadilisha mpira na grisi tu.

Kelele inatoka kwenye usukani wenyewe, si chini.

Mkwaruzo mwepesi ndani ya usukani kila unapozungusha, hasa ukiambatana na honi kukatika au taa ya eabegi kuwaka, mara nyingi ni ile kebo iliyojiviringisha nyuma ya usukani, mafundi wanaiita klok springi. Kazi hii apewe anayejua. Betri inatolewa kwanza na kusubiriwa dakika kadhaa kabla eabegi haijaguswa.

Kugonga kunakosikika kwenye miguu yako, karibu na pedali, mara nyingi ni jointi ya shafti inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye raki.

IST yangu ni ya umeme. Usukani umekuwa mzito ghafla na taa imewaka, kisha ikarudi sawa.

Anza na betri. Mota ya stelingi inaweza kuvuta zaidi ya ampea 50 unapogeuza gari limesimama, na betri iliyochoka haiwezi. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, alteneta inatakiwa itoe kati ya 13.5 na 14.5. Safisha vichwa vya betri na uangalie waya wa arthi, maana hewa ya chumvi ya Kigamboni na Mbezi Beach inazila haraka. Kama umeme uko sawa na taa inarudi, gari lipimwe kwa mashine ili misimbo ya hitilafu isomwe kabla mtu hajakuuzia kolamu (nguzo ya usukani yenye mota) nyingine.

Mvumo mdogo wa mota unapogeuza usukani gari limesimama ni kawaida.

Fundi anasema raki imekufa. Nibadilishe?

Mwombe akuonyeshe. Raki mbovu inaonekana: inavuja kwenye buti, au inacheza ndani yake mwenzako anapotikisa usukani huku raki endi na tairodi zikiwa nzima. Mara nyingi kinachogonga ni bushi yake tu upande usio na meno, na bushi inaweza kubadilishwa au kuchongwa.

Jihadhari na fundi anayemaliza kila kelele kwa kubana nati ya raki. Nati hiyo ikibanwa kupita kiasi kelele inanyamaza, lakini usukani unaacha kurudi wenyewe baada ya kona, na meno ya raki yanaliwa. Ukitoka gereji ukaona usukani unabaki pale ulipouacha, rudi saa hiyohiyo.

Spea ninunue mpya au used?

Kwa tairodi, raki endi, boljointi na linki, mpya. Hivi ni viungo vya kuchakaa, na hakuna sababu ya kununua uchakavu wa mtu mwingine. Pampu na raki nzima za used kutoka Japani zinaweza kuwa nzuri kuliko mpya isiyo na jina, ili mradi uikague: meno, sili, na mchezo.

Ukienda Kariakoo, Gerezani au Ilala, nenda na namba ya chesisi kutoka kwenye kadi ya gari, na ikiwezekana spea ya zamani mkononi. "Ya Premio" haitoshi, kwa sababu kuna vizazi tofauti na vipimo tofauti. Boljointi yenye alama ya 555 ya Japani inapendwa sana sokoni, kwa hiyo na bandia zake zipo. Kagua uchapaji wa boksi, namba iliyogongwa kwenye chuma, na ubora wa kimpira. Kiungo kipya kinatakiwa kiwe kigumu kukizungusha kwa mkono, bila kulegea popote.

Baada ya kubadilisha, alaimenti (kupima na kupanga pembe za matairi) ni lazima?

Ukigusa tairodi endi au raki endi, ndiyo, bila mjadala. Fundi kuhesabu nyuzi za nati kunakufikisha tu mahali pa kupimia. Ukiiruka, matairi yataliwa upande mmoja ndani ya miezi michache. Linki za stabilaiza hazihitaji.

Kushikilia usukani mpaka mwisho kunaharibu?

Kwenye stelingi ya oili, ndiyo, ukikaa nao. Ile "ssss" unayosikia ni vali inayopunguza presha. Legeza kidogo.

Nilipita kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika, sasa inakwaruza.

Kwanza angalia ile plastiki ya chini ya injini na ile ya ndani ya madigadi. Maji huzing'oa klipu zake, na tairi likigeuzwa linazikwaruza. Pili, kijiwe kati ya diski ya breki na kinga yake ya bati. Tatu, na hapa usichelewe, kagua buti zote. Maji yaliyoingia kwenye raki yenye buti iliyopasuka yanaanza kutia kutu ndani ya wiki chache, na huko ndiko raki nyingi za hapa mjini zinakofia.

Ni kelele gani ambayo sitakiwi kuendesha nayo kabisa?

Kugonga kunakoambatana na usukani kucheza zaidi ya mwanzo, gari kuvuta upande ghafla, au tairi linalosimama kwa pembe usiyoizoea. Egesha, piga simu breki dauni. Boljointi au tairodi ikichomoka hakuna usukani tena, na ukiwa Barabara ya Mandela katikati ya malori hautapata nafasi ya pili.

Nikifika gereji gari linanyamaza. Nifanyeje?

Rekodi kwa simu. Mtu wa pembeni aishike karibu na sakafu ya gari, na wewe useme kwa sauti unachofanya: "nakata kulia", "nimekanyaga mafuta", "tuta". Ukifika, usimwachie fundi ufunguo na kuondoka. Mpeleke kwenye barabara ileile, kwa mwendo uleule, gari likiwa na joto lilelile, yeye akae kiti cha abiria kioo kikiwa chini. Kisha mbadilishane, yeye aendeshe na wewe umwonyeshe ulipokuwa unaisikia.